Kumtafuta babu aliyekuja kukata mkonge

Upande wa bibi yangu mzaa mama sikupata taabu. Bibi alikuwa Mdigo, na Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa mama. Kila bi mkubwa niliyemwendea huko kaskazini mwa Tanga alinitajia fuko letu, yaani ukoo wa upande wa mama, mama yake bibi, mama wa huyo mama, nani aliolewa Vanga na nani alibaki kulima. Walitaja majina huku wakichambua mchicha, wala hawakuhitaji kufikiri. Upande wa mume wake tulikuwa na neno moja tu: Mngoni. Alikuja kukata mkonge, akaoa, akafa, akazikwa upande wa Muheza. Sisi wajukuu tukiuliza zaidi, mama alinyamaza.

Ndiyo maana nikaenda kwa wazee wa Jumapili. Hukutana baada ya alasiri kwenye baraza ya nyumba moja Ngamiani, Tanga mjini: mstaafu wa reli, mzee aliyekuwa karani wa mkonge, mwalimu wa historia, akina mama kadhaa, na vijana wenye simu za kurekodi. Karibu wote ni watoto au wajukuu wa watu waliokuja mashambani, Waha, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi. Hakuna kiingilio. Unaleta ulichonacho, unasikiliza cha mwenzako, unakunywa chai.

Mwalimu humwanzia kila mgeni mahali pamoja. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge elfu moja kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62. "Ukoo wako wa Tanga unaanzia kwenye hiyo 62," aliniambia. Mwaka huohuo Wajerumani walianza reli kutoka hapa mjini, ikafika Moshi mwaka 1911, na mkonge ukaifuata. Mashamba yalihitaji mikono kuliko wenyeji walivyokuwa tayari kutoa, kwa hiyo watu waliandikishwa mbali, Songea, Kigoma, Njombe. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, na kuwasafirisha. Nilikulia ndani ya historia hii na sikuwahi kuielezwa hivyo, kwa mpangilio, na mtu anayejali.

Nilipeleka kipande cha babu, kadi yake ya kazi ya shambani. Mama alikuwa amekihifadhi ndani ya msahafu, sandukuni. Yule karani mstaafu alikishika kwa ncha za vidole, akatuonyesha visanduku 30: kila siku mkataji akimaliza kazi aliyopangiwa, kimoja kinajazwa, na mshahara hauonekani mpaka vyote vijae. Mwaka ulisomeka, 1949. Na chini ya wino uliofifia alisoma jina la babu na jina la baba yake. Jina la baba wa babu yangu! Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia. (Siliandiki hapa, huenda lina wenyewe walio hai.) Kabila lilikuwa limeandikwa Mngoni.

Nilidhani wataridhika na hilo. Wao wakaanza kuuliza upya. Siku ya mazishi, watani gani walikuja? Mama, ambaye nilimchukua wiki iliyofuata kwa bajaji, alikumbuka vizuri: Mhehe mmoja alishuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka alipwe, na waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, vita vile vikaishia kwenye utani, kwa hiyo wazee walitikisa vichwa kukubali: Songea ni kweli. Kisha mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka hukohuko akauliza, "Dada, huu msahafu aliupata huku au alikuja nao?" Mama akasema alikuja nao, alisoma chuo cha Kurani kwao tangu mtoto. Na samaki? Alipenda kusifia samaki wa mto gani? Mama akacheka kwa kushangaa kwamba analikumbuka: Luwegu.

Yule mama akaweka kikombe chini. Luwegu, alisema, haupiti kwa Wangoni wa Peramiho, ambako wengi ni Wakatoliki. Uko mashariki, Namtumbo, kwa Wandendeule, na Wandendeule wengi ni Waislamu. Walitawaliwa na Wangoni kabla ya Mjerumani, na karani wa kuandikisha watu hakuwa na muda wa kutofautisha. Aliyetoka Songea aliandikwa Mngoni. Naliamini hilo. Mambo matatu madogo, msahafu, mtani na samaki, yana uzito kuliko neno moja la karani mwenye haraka.

Lililofuata lilikuwa gumu. Kupata umri, wazee huuliza tukio. Wenyeji wa Tanga hupimwa kwa vita vya nyuki, Novemba 1914, Waingereza walipofukuzwa hapa. Kwa watu wa kusini hupimwa kwa Maji Maji. Mama alisema babu alikuwa akisimulia dada yake wa kwanza alivyobebwa mgongoni wazazi walipokimbilia porini, na kwamba yeye ndiye aliyemfuata dada huyo. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Karani mstaafu akahesabu taratibu, akaangalia tena ule mwaka 1949, akanyamaza. Ni yule mama wa Songea aliyesema, kwa adabu kubwa: "Mtu mzima wa miaka karibu 40 hakutoka kwao mseja."

Nilimtazama mama. Hakushtuka. Alisema bibi alimweleza kwamba kabla ya ndoa yao babu alikuwa akiwapa fedha watu waliomaliza mkataba, wampelekee kwao. Kwa nani, bibi hakuuliza, na mama naye hakuuliza. "Lakini nilijua kuna watu," alisema. Alikuwa amelibeba hilo peke yake maisha yake yote, na akalisema barazani mbele ya watu ambao wiki moja kabla hakuwajua. Nawashukuru kwa lile swali kuliko kwa jina lenyewe, na kwa kumwacha mama anywe chai yake bila kumharakisha.

Sasa mwalimu ametusaidia kuandika barua kwenda kwa wazee wa msikiti mmoja Namtumbo. Alitushauri mstari wa kwanza, baada ya salamu, useme wazi kwamba hatudai shamba wala urithi, maana mgeni anayetokea mbali na kutaja jina la marehemu huogopwa, na hofu hiyo ina sababu zake. Tunaomba kujua mambo mawili tu: kama yuko mtu anayelijua jina la baba wa babu, na kama babu aliacha watoto. Mama ametaka iongezwe kwamba kaburi lake lipo, linafyekewa, na atakayetaka kulizuru atafikia nyumbani kwetu.

Nawe unayesoma, kama mzee wenu alitoka pande za Luwegu akakata mkonge upande wa Muheza miaka ya 1940 na 1950, niandikie. Kama kipande chake bado kipo, usikipige plastiki (lamination). Kiweke pakavu, kipige picha pande zote mbili, kisha muulize aliye mkubwa kuliko wote nyumbani ni nani aliyelala kaburini siku ile.