Kuomba bei na kuombwa bei: siku yangu moja Kariakoo

Saa 11:30 alfajiri. Dar bado giza, Guangzhou ni saa 4:30 asubuhi na watu wako maofisini. Naagiza vyombo vya nyumbani kutoka China na kuviuza kwa jumla na reja reja, wateja wangu wengi nawapata Instagram na WhatsApp, na stoo yangu iko Mtaa wa Aggrey. Wenzetu wametutangulia kwa saa tano. Ikifika saa 1 asubuhi yetu wanakwenda kula na kupumzika, na hapo uandike usiandike, jibu utalisubiri mpaka saa 2:30. Saa 7 mchana wanafunga ofisi. Anayeanza kazi saa 3 amebakiwa na muda mchache sana wa kuongea bei.

Jana usiku kaka mmoja wa Mwanza, muuza vyombo kwa jumla, alinitumia picha ya hotpoti na maneno mawili: "Bei, dada?" Sikumpa bei, nilimuuliza maswali. Seti ya vipande vingapi? Lita ngapi? Unataka seti ngapi? Nikukabidhi Dar au mzigo ufike Mwanza? Akanijibu yote kwa sauti, dakika mbili nzima. Alfajiri hii nimeigeuza sauti hiyo kuwa ombi la bei: seti ya vitatu, ndani chuma cha pua daraja 304, unene wa milimita 0.4, boksi la rangi. Nataka bei ya seti 300, ya 500 na ya 1,000, vipimo na uzito wa katoni, siku za kutengeneza, na bei hiyo inadumu mpaka lini. Nimelituma kwa viwanda vitatu bila kubadili neno, maana ukimuuliza huyu hivi na yule vile, majibu yakija hayalinganishiki.

Saa 12:30. Majibu yote matatu yameingia, na ya seti 500 nimeyaandika kwenye daftari: dola 7.20, dola 6.90, dola 5.40.

Hiyo 5.40 inatamanisha. Nimerudi kuuliza swali moja tu: ni 304 kweli? Kimya kidogo, kisha wakakiri ni 201. Chuma cha 201 kina nikeli kidogo na manganizi nyingi, ndiyo maana ni rahisi, lakini mama akihifadhi humo mchuzi wa chumvi na ndimu, kutu inawahi. Wauzaji wengi hapa Kariakoo hupima kwa sumaku. Sumaku haisaidii, kwa sababu kwa kawaida zote mbili haizishiki. Mimi nina kichupa cha dawa na betri ndogo: unadondosha tone juu ya chuma, unagusisha betri, tone likigeuka jekundu hiyo ni 201. Sampuli ikifika, hilo ndilo la kwanza ninalofanya.

Zimebaki mbili. Ile 6.90 ni EXW, yaani mzigo unaukuta mlangoni mwa kiwanda, mengine juu yako. Ile 7.20 ni FOB, mzigo umeshapakiwa melini. Kwa seti 500 tofauti ni dola 150, na lori la kwenda bandarini pamoja na nyaraka za kusafirisha vingenila zaidi ya hapo. Kwa hiyo hiyo kubwa ndiyo ndogo. Hili nalisema kila siku kwa vijana wanaoanza kuagiza: ukitajiwa bei, uliza inaishia wapi.

Saa 2:30. Wameamka. Kuandika "punguza, punguza" hakunifikishi mbali, kwa sababu anayejibu ni mwajiriwa na bosi wake atamuuliza kapunguza kwa sababu gani. Mimi namtafutia sababu. Nimeangalia katoni: seti nne, sentimita 60 kwa 60 kwa 40. Hiyo ni CBM (mita za ujazo) 0.144, na katoni 125 ni CBM 18. Nikamwomba afungue boksi moja mbele ya kamera. Juu ya mfuniko kuna nafasi tupu, kaijaza sponji. Nimemwambia ashushe kimo cha katoni mpaka 36, atoe sponji ya juu, aache ya pembeni. Sentimita nne hizo zimepunguza CBM 1.8, na meli nalipia kwa CBM. Naye kaokoa boksi na sponji, akashuka hadi dola 7.00 kwa seti 500, asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia. Bei inadumu siku 15. Nimeomba aiandike yote kwenye profoma, ile hati ya bei inayotolewa kabla ya malipo, hata lile la sentimita 36.

Saa 4 asubuhi. Wateja wa reja reja. Mimi bei naiweka wazi chini ya picha. Mambo ya "bei njoo inbox" siyapendi. Yanamfanya mnunuzi ahisi anapimwa mfuko kabla ya kujibiwa. Dada wa Mbagala kaandika, "Nimeiona bei, nifanyie basi." Nimemjibu bei ya jumla inaanzia vipande sita, achange na majirani. Mpaka saa 5 wameshachanga na pesa imeingia kwenye lipa namba.

Saa 6 mchana nalipia oda nyingine, chupa za chai. Nalipa ndani ya mfumo wa Alibaba wenyewe, kwa sababu ukitumiwa akaunti pembeni ukalipia huko, ile dhamana yao ya malipo haikuhusu tena. Na jina la akaunti lazima lifanane na jina la kampuni kwenye profoma. Ujumbe wa "tumebadilisha benki" ukija, silipi mpaka nipige video nimwone mtu ninayemjua.

Saa 8 mchana. Afisa manunuzi wa shule moja ya bweni anataka profoma ya sahani 400. Nimemwandalia yenye TIN, bei kabla na baada ya VAT, siku za kuleta. Dakika kumi baadaye: "Dada, nisaidie na mbili nyingine, majina tofauti, ya kwako iwe ya chini." Nimekataa kwa heshima. Profoma tatu zimewekwa ili mtu alinganishe kweli, na ada inayolipia sahani hizo imetoka kwa mzazi aliyejinyima. Nimemwambia, "Kaka, ya kwangu hiyo, hizo mbili ulizia maduka mengine. Nikishindwa, nishindwe kwa haki." Hajajibu.

Saa 1 usiku nimekaa na hesabu ya Mwanza. Simtumii namba moja tu. Namchambulia: bidhaa, meli na bima, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 inayokatwa juu ya thamani pamoja na ushuru, wakala wa forodha, kamisheni yangu, na lori la Dar mpaka Mwanza. Wapo wenzangu wanaoficha kamisheni ndani ya bei ya bidhaa. Mimi naiandika, mteja akiona ni kubwa tuongee.

Saa 2:15 kapiga. "Dada, kamisheni sina neno. Ila hili lori ni ghali, mimi nina watu wangu wanashusha samaki Dar na kurudi tupu. Litoe." Nimelitoa, nimemtumia profoma upya ikiishia stoo Kariakoo. Amesema kesho mchana anaweka asilimia 30.