Daftari la Kelele

Jumapili, usiku.

Leo karakana imefungwa, na kimya chake nacho hakinipi raha. Tangu mchana nimeutegea ukuta sikio kama mtu anayengoja jino lianze kuuma tena. Ni mwezi wa tatu sasa tangu nyumba ya jirani igeuzwe karakana ya useremala, na wiki ya saba tangu nianze kuandika kila kelele kwenye daftari: siku, saa ya kuanza, saa ya kuisha, kelele yenyewe ni ya nini, na safu ya mwisho niliyoipa jina "athari". Huo ndio ushauri anaopewa mlalamikaji karibu popote aendapo. Usiende ofisini na hasira, nenda na kumbukumbu. Ukisema "wanapiga kelele kila siku" unaonekana mgomvi. Ukisema "Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, msumeno, dakika 40" mtu anachukua kalamu.

Lazima nianze na nyumba yenyewe, maana tunasahau upesi. Kwa zaidi ya miaka miwili ilikaa tupu. Nyasi zilifika madirishani, panya wakahamia, na watu wasiojulikana wakawa wanatupa taka uani usiku. Tulilalamika, mimi nikiwa mmoja wa wasemaji. Tulisema nyumba isiyo na mtu ni hatari kwa mtaa, mwenye nyumba atafutwe alipo, alazimishwe kuitumia mali yake. Basi akaitumia. Alimpangisha fundi seremala. Nyasi zikafyekwa, taka zikazolewa, taa ikawaka barazani, na kwa siku nne tukapongezana. Siku ya tano fundi akawasha mashine ya randa.

Aliyewahi kuishi ukuta kwa ukuta na randa hahitaji kuelezwa. Ikizunguka bila ubao huvuma tu, ungeweza kuizoea. Ubao ukiingia, sauti hupanda ghafla mpaka kwenye meno, hukaa hapo sekunde kadhaa, kisha hushuka, na wewe unabaki umebana pumzi ukingoja ubao mwingine, ambao hujui utaingia baada ya sekunde tano au nusu saa. Feni mbovu inaweza kukoroma usiku kucha na mtu akalala fofofo. Randa haina huruma hiyo. Ongeza harufu ya vanishi, inayopenya hata dirisha lililofungwa, na vumbi la mbao, laini kama poda, linalotua kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye majani ya maua hadi yakabadilika rangi.

Nikapakua programu ya kupima kelele kwenye simu. Ukutani ilisoma desibeli 68, mara nyingine 74. Nilidhani tofauti ya sita ni kitu kidogo, kumbe vipimo hivyo havipandi kama hesabu ya vidole: zikiongezeka 6, nguvu ya sauti imekuwa karibu mara nne, zikiongezeka 10, imekuwa mara kumi, na sikio huisikia kama imekua maradufu. Nikasoma pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Namba hiyo niliiandika kwa wino mwekundu. Sikuandika kwamba ni ya usingizi wa usiku, na kwamba randa ya jirani haijawahi kuwashwa usiku hata mara moja.

Nalikiri hilo hapa kwa sababu sikulikiri kikaoni.

Kikao tulikifanyia sebuleni kwangu, watu kumi na mmoja. Nilidhani tuna lalamiko moja. Tulikuwa na kumi na moja. Mzee wa nyumba ya mwisho hakujali randa, masikio yake yenyewe yamechoka. Yeye alikerwa na lori la mbao linaloziba njia. Mwenye vyumba vya kupangisha alisema wapangaji watahama na thamani ya nyumba zetu itashuka. Kijana mmoja aliogopa moto: makopo ya thina, maranda yaliyorundikwa nyuma ya nyumba, nyaya zilizoungwaungwa. Mama kijana anayepakana na karakana kwa upande wa pili alisema maneno machache tu, mtoto akiwa amemlalia begani: "Mtoto halali mchana. Na asipolala yeye, mimi sifanyi kitu." Tukatikisa vichwa kwa huruma, kisha tukarudi kwenye thamani ya nyumba kwa dakika ishirini nyingine.

Zamu yangu ilipofika nilisoma kwa sauti ya darasani. Nilisema shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli, limo kwenye kundi hilo. Nilichokiruka ni kwamba ushahidi wake umetokana na wafanyakazi waliolivuta kazini kwa miaka, yaani watu kama fundi mwenyewe na vijana wake wawili, si mimi ninayelikuta kwenye shuka. Watu walishtuka. "Mwalimu, barua andika wewe," wakasema, nami nikajifanya nasitasita kabla ya kukubali.

Barua ikanishinda.

Ilipaswa kuwa ya ukurasa mmoja: sisi wakazi tuliotia saini hapa chini, eneo letu ni la makazi, matumizi ya jengo yamebadilishwa bila sisi kuulizwa. Usiku huo nikaanza kusoma ili niipe uzito. Desturi ya kuugawa mji kwa sheria, hapa watu walale na pale mashine zivume, si ya kale kama nilivyodhani. New York ilipitisha kanuni zake za mji mzima mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi ya kijiji cha Euclid jimboni Ohio, kwamba serikali za mitaa zina mamlaka ya kufanya hivyo. Kabla ya hapo, aliyekerwa mara nyingi alibaki na njia ya kumburuta jirani yake mahakamani.

Ndipo nikakutana na daktari wa London. Kesi yake iliamuliwa mwaka 1879. Mtengenezaji mmoja wa peremende alikuwa na vinu viwili vikubwa jikoni mwake, na alitwanga kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kulalamika. Nyuma ya ukuta wa jiko lile kulikuwa na bustani ya daktari. Siku moja daktari akaamua kujenga chumba cha kupimia wagonjwa mwishoni mwa bustani, kikiegemea ukuta uleule, akajikuta hawezi kusikiliza kifua cha mgonjwa kwa sababu ya vinu. Akashtaki, akashinda. Miaka yote ile ya kutwanga haikumpa mtwangaji haki, mahakama ilisema, kwa kuwa hakukuwa na kero ya kushtakiwa mpaka chumba kilipojengwa. Nilitaka kushangilia. Huyu ndiye mfano niliokuwa nautafuta.

Ila habari haikuishia hapo. Mwaka 1960 mwanauchumi Ronald Coase aliirudia kesi hiyo na kuigeuza: kumlinda daktari ni kumdhuru mtwangaji, na kumwacha mtwangaji ni kumdhuru daktari, hivyo swali la nani anamdhuru nani halijibiki kwa kutazama vinu peke yake. Nilipofika hapo niliinua macho, na nilichokiona mbele yangu ni ubao wangu mweupe.

Maana mimi hufundisha nyumbani. Chumba hiki kilikuwa cha kulala. Miaka minne iliyopita nilitoa kitanda, nikaingiza meza ndefu na viti vinane, nikakiita darasa. Sikumuuliza jirani yeyote, sikuomba kibali, na maneno "matumizi ya jengo" hayakunijia kichwani hata siku moja. Nikafungua daftari na kupitisha kidole kwenye safu ya athari. Kati ya mistari 43, mistari 29 ilisema jambo lilelile: somo limekatizwa. Iliyobaki, mingi ilihusu lori la alfajiri.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi bila barua.

"Karibu, mwalimu," alisema, akijipangusa vumbi kwenye nyusi. "Nilijua ipo siku utakuja."

"Mbona hukuja wewe, fundi?"

"Nilikuja mara mbili kujitambulisha. Nikakuta magari yamejaa getini kwako, nikasema mwalimu ana wageni, nikarudi."

Hawakuwa wageni. Ni wazazi wanaokuja kuwachukua wanafunzi. Nikahamia kwenye lori, hapo angalau nilikuwa na uhakika wa haki yangu: kwa nini mbao zishushwe saa kumi na moja alfajiri, watu wamelala? Akacheka, si kwa dharau. Mwanzoni mbao zilikuwa zinaletwa jioni, alisema. Lakini jioni njia haipitiki, magari ya wazazi yanasimama pande zote mbili na lori linashindwa kukata kona. Ndipo dereva akaamua awe anakuja kabla magari hayajafika.

Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nimejaza daftari zima la kundu la mwenzangu.

Tuliongea karibu saa nzima, tumeketi juu ya mbao. Randa isiwashwe kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, siku za masomo. Lori lije saa nne asubuhi. Mimi niwaombe wazazi waegeshe upande mmoja tu. Mwishoni akachukua kipande cha ubao, akaandika namba yake ya simu kwa penseli ya useremala. "Siku yoyote ikikuzidia, nipigie, nitazima."

Sijampigia hata mara moja. Na kuna jambo ambalo bado linanishangaza: kelele za asubuhi, ambazo makubaliano yetu hayakuzigusa, zimenipungukia masikioni, ingawa simu inasoma 68 zilezile. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walichapisha mwaka 1972 majaribio yanayofanana na hali yangu. Waliwasikilizisha watu kelele zisizotabirika, na baadhi yao wakapewa kitufe cha kuzizima, wakiombwa wasikibonyeze mpaka wazidiwe. Wengi hawakukigusa. Hata hivyo, kelele zilipokwisha, waliokuwa na kitufe walidumu zaidi kwenye mafumbo yasiyotatulika, na walipopewa maandishi wayasahihishe walifanya makosa machache kuliko wenzao. Kitufe changu kiko juu ya rafu, kinanukia msonobari.

Barua haikufa, lakini. Moto si jambo la kumalizana na jirani kwa kucheka, na mapafu ya wale vijana wawili hayana uhusiano wowote na ratiba ya masomo yangu. Niliifupisha ikabaki na mambo hayo mawili, nikampa fundi nakala kabla ya kuipeleka ofisini. Alininunia siku mbili. Sasa kuna mtungi wa kuzimia moto mlangoni, na maranda yanazolewa kila Ijumaa. Mashine ya kufyonza vumbi bado, kwa sababu fundi na mwenye nyumba wanatupiana mzigo wa kuilipia. Huyo mwenye nyumba, kwa njia, ndiye aliyetuletea nyasi na ndiye aliyetuletea randa, na hajawahi kusikia hata moja kati ya kelele zangu 43. Haishi huku.

Ningelala na hayo nikijiona mpatanishi, kama nisingekutana leo jioni na yule mama wa upande wa pili, akianua nguo. Salamu yake ilikuwa fupi. Nikauliza mtoto hajambo.

"Hajambo, mwalimu. Ila sasa ndiyo halali kabisa."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama ninavyomweleza mwanafunzi aliyekosa hesabu nyepesi. Zamani randa ililia hapa na pale siku nzima, na mtoto aliibia usingizi katikati. Siku hizi kazi nzito yote inarundikwa kati ya saa tano na saa nane, kwa kuwa saa nane ikigonga fundi lazima azime. Saa tano mpaka saa nane ndizo saa za mtoto kulala.

"Nilikwenda kumwambia," alisema. "Akanijibu kwamba ameshakubaliana na mtaa. Nikamuuliza, mtaa ni nani?"

Nilisema nitazungumza na fundi. Alinitazama bila kujibu, akaweka kapu la nguo chini, akaingia ndani na kutoka na daftari dogo la mazoezi. Aliliona langu siku ya kikao, alisema, akaona ni njia nzuri. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa tayari, mwandiko mdogo uliopangwa vizuri kuliko wangu: siku, saa ya kuanza, saa ya kuisha. Nikapitia mistari ya randa nikitikisa kichwa kama mzoefu. Katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na mstari wa namna nyingine.

"Alhamisi, saa kumi na moja na dakika 5. Wanafunzi wa mwalimu, vicheko na honi getini. Dakika 25. Mtoto alikuwa ndio kwanza amesinzia."