Nilivyowalea wanafunzi wapya wa udaktari

Nilipofika mwaka wa tatu wa udaktari hapa Dar es Salaam, nilikabidhiwa kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza niwe mlezi wao. Kazi niliyopewa ilikuwa kuwaonyesha madarasa, maktaba na bwalo. Hiyo iliisha siku moja. Mtu aliyefaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha sita hapotei njia ya maktaba.

Kinachowatesa ni anatomia, somo la viungo vya mwili, hasa mtihani wa pini. Kila meza ina kiungo kilichochomekwa pini, unaandika jina lake, kengele ikilia unahama. Aliyekariri notisi tu anakwama hapo. Tena wengi walikuwa vinara shuleni kwao, kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema, "Dada, sijaelewa." Niliona nianze na ukimya huo, notisi zangu zingesubiri.

Jumamosi tukachanga hela, nikanunua moyo wa ng'ombe buchani. (Mwambieni muuzaji mapema, maana mara nyingi mkaguzi wa nyama huwa ameshauchana.) Sharti lilikuwa moja: kila mmoja aeleze safari ya damu bila kusoma popote, kwanza kwa Kiswahili. Damu inaingia kulia, inapita vali (mlango wa damu) ya vipande vitatu, inasukumwa mapafuni, inarudi kushoto, inapita vali ya vipande viwili, ndipo inatoka kwenda mwilini. Akimaliza, anarudia kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho cha mtihani. Mmoja akauliza mbona ukuta wa kushoto ni mnene. Sikumjibu. Nilimwambia abinye kuta zote mbili, kisha atuambie upande upi unasukuma damu mwili mzima na upi unaishia mapafuni. Aliyekuwa kimya kuliko wote ndiye aliyejibu, na tangu siku hiyo ikawa shida kumnyamazisha.

Neva, yaani mishipa ya fahamu, tulizichora kwa peni mikononi mwetu. Ukigonga kiwiko kwa ndani, ganzi inakimbilia kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo neva ya alna, na hakuna aliyeisahau tena.

Kuhusu maiti za kusomea nilisema machache. Kuleni kabla ya kuingia, formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, itawachoma macho, msipige picha. Yule aliyelala mezani alikuwa mtu mwenye ndugu zake. Binti mmoja alishindwa kula nyama kwa muda, nikamwambia ale maharage, si ugonjwa huo.

Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, nalo lilinipa kazi kuliko nilivyodhani. Wapo wanaolituma nyumbani likiingia tu, kisha wanashindia chai na mihogo. Siwezi kumkataza mtu kumsaidia mama yake. Nilichowaomba ni walipie chakula cha mwezi kwanza kwa mama ntilie, ndipo watume kinachobaki.

Kijana mmoja alinijia akasema udaktari ni ndoto ya baba yake. Wenzangu walinishauri nimtie moyo abaki. Mimi sikuona sababu: ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mzima wa mafunzo kazini, muda mrefu mno kuutumikia kwa ajili ya mtu mwingine. Nilikaa naye tukaandika barua ya kuomba kuhama kozi kabla dirisha halijafungwa, nikampigia baba yake simu naye akiwa pembeni. Mzee alinuna wiki kadhaa. Kijana sasa anasoma famasia, na matokeo yake ni mazuri.