Waliosimama Sokoni Hadi Saa Kumi na Moja

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe kwenu. Andiko letu la juma hili ni Mathayo 20:1-16, nami nalileta kwa ajili ya wale kati yetu wanaotafuta kazi. Wengi mmeusikia mfano huu ukihubiriwa kuhusu neema, na ndivyo unavyostahili kuhubiriwa. Lakini leo naomba tuwatazame kwa utulivu watu ambao mahubiri huwapita upesi: wale waliokuwa bado wamesimama sokoni saa kumi na moja.

Mwenye shamba alitoka alfajiri akapatana na vibarua kwa dinari moja, ujira wa kutwa. Akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja, imebaki saa moja tu kazi ifungwe, bado akakuta watu. Akawauliza kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi. Wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri.

Jibu lenyewe ni hilo tu. Hawakujitukana, hawakusema wana mkosi, wala hawakubuni hadithi ya kuficha aibu. Walisema jambo kama lilivyo. Na mwenye shamba hakuwakemea kwa jibu hilo. Aliwaambia nao waende shambani. Nalitilia mkazo kwa sababu asiye na kazi husikia maneno mengi, mengine kutoka kwa watu anaosali nao: anachagua sana, hajitumi, angekuwa anaomba kwa bidii angeshapata. Bwana wetu aliposimulia habari za watu wasio na kazi, aliwapa nafasi ya kusema sababu yao, na sababu hiyo ikapokelewa.

Hebu fikiri inavyokuwa kusimama hapo mpaka jioni. Asubuhi unaona wenzako wakichukuliwa, saa tatu wengine, saa sita wengine, na wewe bado. Mtu aliyewahi kutafuta kazi anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Barua za maombi zinakwenda, majibu hayarudi. Usaili unakwenda vizuri, unatoka na moyo mweupe, kisha kimya. Mliyesoma naye anaitwa, wewe huitwi, na inabidi umpongeze, nawe unampongeza kwa dhati huku moyo unauma. Kurudi nyumbani saa sita kungekuwa na sababu nzuri kabisa. Wao walibaki mahali ambapo kazi ingeweza kuwakuta. Ninaposema mtafuta kazi awe na mtazamo wa matumaini, ndicho ninachomaanisha. Simwambii atabasamu wakati ana huzuni.

Yapo mafundisho kwamba ukikiri kwa kinywa kila asubuhi kuwa kazi fulani ni yako, itakuja. Isipokuja, imani yako ni haba. Siyakubali, na nimeona namna yanavyowaumiza watu. Humwongezea mtu mzigo wa hatia juu ya mzigo wa kukosa riziki. Tumaini la Maandiko halimtaki mtu akane anachokiona kwa macho yake.

Someni Hesabu sura ya 13. Wapelelezi 12 wa Israeli walizunguka nchi moja, Kanaani, kwa siku 40. Wote waliona miji yenye maboma, wote waliwaona Wanefili, wale watu majitu. Kalebu, mmoja wao, hakubishana na habari hizo. Alisema tu kwamba wanaweza kupanda na kuimiliki nchi hiyo. Kumi waliovunjika moyo ndio waliosema walijiona kama mapanzi, wakaongeza kwamba wale majitu nao waliwaona hivyo hivyo. Jamani, nani aliwaambia? Hatusomi popote kwamba waliwauliza. Walijidharau wenyewe, kisha wakaipachika dharau hiyo katika macho ya watu ambao hawakuzungumza nao.

Mtafuta kazi aliyechoka hufanya vivyo hivyo. Anasoma tangazo, sifa karibu zote anazo, halafu anasema moyoni, hawa hawawezi kunichukua mimi. Hatumi. Amejikataa kabla hajakataliwa. Mtume Paulo anatuambia katika Warumi 12:2 tugeuzwe kwa kufanywa upya nia zetu, na naamini upya huo unafika mpaka hapa, kwenye tabia ya kumjibia mwajiri ambaye hajaulizwa. Tuma maombi yako. Kama ni kukataa, akatae yeye.

Nisiwafiche, Kalebu alikuwa na miaka 40 alipotoa neno lile la ujasiri, na alipokabidhiwa mji wa Hebroni alikuwa na 85, kama tunavyosoma katika Yoshua 14. Ujasiri wake haukufupisha safari. Ulimfikisha akiwa bado na moyo wa kuiomba milima.

Sasa Yusufu, ambaye kwangu ndiye mwalimu mkuu wa jambo hili. Tunakumbuka ndoto na cheo chake kule Misri, tunasahau Mwanzo 40:6-7. Yuko gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya. Asubuhi moja anaingia kwa wafungwa wawili, mnyweshaji na mwokaji wa Farao, anaona nyuso zao zimekunjamana, anawauliza kulikoni. Mtu mwenye kila haki ya kujifungia katika huzuni yake bado alikuwa na macho ya kuona huzuni ya mwingine. Mlango wa ikulu ulianzia kwenye swali hilo, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

Tena alimwomba mnyweshaji amkumbuke kwa Farao. Kuomba msaada wa mtu anayekufahamu si upungufu wa imani. Yusufu aliomba waziwazi, akaeleza na shida yake. Mnyweshaji akamsahau. Ikapita miaka miwili mizima. Ndugu uliyeahidiwa kwamba utapigiwa simu wiki ijayo na hujapigiwa, una mwenzako katika Maandiko.

Alipoitwa ghafla, alinyoa, akabadili nguo, akaingia. Farao alipomsifu kwa uwezo wa kufasiri ndoto, alisema si yeye, ni Mungu. Lakini hakuishia hapo. Alieleza tatizo, kisha akapendekeza utaratibu kamili: ateuliwe mtu wa akili, itengwe sehemu ya tano ya mavuno katika miaka 7 ya shibe, nafaka iwekwe akiba mijini. Unyenyekevu na maandalizi vilikaa ndani ya mtu mmoja. Basi unapoitwa kwenye usaili, omba, kisha uisome taasisi hiyo, ujue inahangaika na nini, na uwe na la kupendekeza. Katika miezi ya kungoja, shika kazi inayokuweka katika uzoefu, hata ikiwa ya kujitolea. Yusufu alijifunza kusimamia watu na mali nyumbani kwa Potifa, bwana wake Mmisri, na gerezani.

Neno moja la tahadhari, maana kukata tamaa hutufanya tuwe wepesi kudanganywa: anayedai umlipe kwanza ndipo akupe kazi, muogope, hata akianza kwa kukuita mpendwa katika Bwana.

Na ninyi mlio na kazi, msidhani juma hili si lenu. Katika mfano wa Yesu, shamba lilikuwa na msimamizi. Ndiye aliyelipa ujira jioni. Hata hivyo mwenye shamba alikwenda sokoni mwenyewe, mara tano kwa siku moja. Hakusubiri watu wamfuate. Tunao kati yetu wanaokaa benchi moja na mtafuta kazi kila Jumapili na hawajawahi kumuuliza anatafuta kazi ya aina gani. Muulize juma hili. Pitia wasifu wake kama unajua kuandika. Ukisikia nafasi, mpe habari siku hiyo hiyo. Ukikubali kuwa mdhamini wake, pokea simu wakikupigia. Na kama wewe ndiwe unayeajiri, wajibu hata wale ambao hukuwachukua, maana kimya chako kinamkosesha mtu usingizi.

Tuombe. Baba, wakumbuke wanaoamka kesho kutuma maombi mengine baada ya mengi yasiyojibiwa. Wape nguvu ya kuandika barua ya kesho kwa uangalifu ule ule wa barua ya kwanza. Uwape chakula wakati wanangoja, nasi utufanye tuwe tayari kukileta. Wape hekima na haki watakaoketi upande wa pili wa meza kuwasaili. Katika jina la Yesu Kristo, amina.