Kinga ndani ya kartoni

Hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, watu wananijua kwa baiskeli, kwetu tunaziita kinga, zinazobeba makala, yaani mkaa. Zinaingia asubuhi na mapema kutoka porini, kila moja na magunia matatu au manne, mwenyewe anasukuma kwa miguu huku ameshika fimbo aliyoifunga kwenye usukani. Zikifika kwangu ni spoku zimekatika au furshi, ile uma inayoshika gurudumu la mbele, imeanza kupinda. Nachomelea nondo kwenye furshi, naweka spoku za pikipiki, tunapatana bei, anakwenda. Sasa fikirieni uso wangu siku nilipoletewa baiskeli nzima, isiyo na ugonjwa wowote, mwenyewe akisema: ifungue yote, inapanda ndege.

Mwenyewe ni mama mmoja Mswisi, umri kama wa dada yangu mkubwa, kwa hiyo nikamwita yaya na hakukataa. Alianza safari Windhoek, akapita Botswana, akavuka Zambezi juu ya daraja la Kazungula, lile lililofunguliwa mwaka 2021, kisha Lusaka, Kitwe, Kasumbalesa, hadi kwetu. Sasa anarudi kwao kwa kupitia Addis Ababa. Mimi nilitaka habari za tembo wa Botswana. Yeye kila mara alinirudisha kwenye malori ya Kasumbalesa, na nilipotazama usukani nikaelewa. Kioo chake kidogo kilikuwa bado upande wa kulia. Namibia, Botswana na Zambia wote wanapita kushoto, kioo kilikuwa mahali pake. Kuvuka mpaka tu, sisi tunapita kulia. Karibu kilomita 90 zote mpaka Lubumbashi, mama wa watu alikuwa anaangalia majani ya kiangazi kwenye kioo, na malori yanamtokea mgongoni upande usio na jicho.

Kazi ya kwanza ilikuwa kartoni. Ulaya, anasema, unaingia duka la baiskeli na wanakupa bure, wanashukuru umewaondolea takataka. Hapa kartoni ni mali. Kuna anayelalia, kuna anayezibia dirisha, kuna anayeuzia vitunguu juu yake. Nilizunguka soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na maduka ya mjini, kila mwenye duka ananiuliza unatoa ngapi. Mwishowe nilinunua kartoni mbili za televisheni kubwa, nikakata upande mmoja wa kila moja, nikaingiza moja ndani ya nyingine kama droo. Uzuri wake ni kwamba unaivuta au kuisukuma mpaka ienee urefu wa baiskeli, halafu unafunga skochi, utepe wa kunata, pande zote.

Kwenye pedali nilimwita mwanangu aje atazame, maana hapo vijana wengi wanaharibu. Pedali ya kulia inafunguka kama nati zote. Ya kushoto inafunguka kinyume, ilitengenezwa hivyo ili isilegee mguu unapozunguka. Mimi sishiki habari za kulia na kushoto. Naweka spana isimame juu ya pedali, navuta kuelekea gurudumu la nyuma, pande zote mbili ni hivyohivyo. Ya huyu mama ilikuwa imeshikana kwa vumbi na jasho la nchi nne. Tuliinyeshea mafuta jioni, asubuhi nikaingiza bomba refu kwenye mkia wa spana, ikalia *kwaa* ikaachia. Kabla ya kuziweka kwenye soksi yake moja iliyotoboka, nilizipaka grisi ili akifika asianze kulia upya.

Halafu jambo ambalo abiria wengi hawajui: gurudumu la mbele likishatoka, furshi inabaki miguu miwili mitupu. Mtu mmoja pale uwanjani akiweka sanduku zito juu yake, inabanana, na baiskeli inarudi nyumbani kilema. Nilikata kipande cha mti chenye upana wa ekseli, nikakipigilia katikati ya ile miguu. Chuma cha kubadilishia gia nilikifungua kutoka kwenye kadre, yaani fremu, nikakifunga kwa kitambaa na kukilaza katikati ya spoku za nyuma. Usukani ukalala sambamba na kadre. Upepo wa tairi nikapunguza kwa sababu mashirika ya ndege yanapenda hivyo. Skurubu zote, hata ya keria, nilizirudisha kwenye matundu yake. Nasikia kuna mafundi wanaoweka skurubu zote kwenye mfuko mmoja. Mimi siwezi kumfanyia adui yangu hivyo.

Ikaja mizani. Nilikodi ile ya kuning'iniza ya jirani yangu anayenunua vyuma chakavu, tukaifunga kwenye tawi la mwembe. Kilo 23, ndizo alizoruhusiwa, pamoja na kartoni. Mimi nikacheka. Baiskeli ninazozijua zinabeba magunia ya makala kutoka msituni, hii inahesabiwa mpaka pampu! Na kinachoniuma zaidi: watu wa kwanza kurusha ndege yenye mashine, wale ndugu wawili Wright wa Marekani, tarehe 17 Desemba 1903, walikuwa na duka la kutengeneza baiskeli, na mapanga ya ndege yao yalizungushwa kwa minyororo ya mtindo wa baiskeli. Ndege ni mtoto wetu sisi mafundi. Leo mtoto amekua, anatudai pesa za mzigo.

Mizani ikasema 26 na nusu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kufuli la chuma likatoka, nikamwambia yaya, kufuli hili linalinda nini hewani? Hema likahamia kwenye begi lingine. Betri ya kuchajia simu nilikuta ameisokomeza ndani ya kartoni. Nikaitoa mwenyewe, hizo za lithiamu zinasafiri na abiria mkononi, haziwekwi chini na mizigo. Jiko lake la petroli lilikuwa bado linanuka, na kitu kinachonuka petroli hakipandi ndege. Akampa mke wangu. Mke wangu akalishika kwa vidole viwili: «Esansi mu jiko? Apana, yaya. Makala iko bei, lakini hailipuke.» Likabaki karakana, naoshea minyororo kwa chupa yake.

Kwenda Luano, uwanja wetu wa ndege, dereva wa teksi aliiona ile kartoni akataja bei ya watu watatu. Wakati huo kijana mmoja wa makala alikuwa ameshusha mzigo wake kwa jirani, baiskeli iko tupu. Nikamuuliza kama anaweza. Aliinua upande mmoja wa kartoni, akaitazama.

«Hii njo muzigo?»

«Njo hiyo.»

«Mukati iko nini?»

«Kinga.»

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaifunga kwa mipira yake, akasukuma, mimi na yaya nyuma yake kwa miguu mpaka barabara kubwa, kisha sisi wawili tukapanda basi. Tulimkuta ametangulia, amekaa juu ya jiwe nje ya uwanja, anakula karanga.

Nilikuwa nimebeba roli zima la skochi, na nilijua kwa nini. Kabla ya kuingia, mtu wa ukaguzi alitaka kartoni ifunguliwe. Tukafungua. Akapapasa, akauliza bei ya baiskeli, akauliza kwa nini mtu mwenye pesa ya ndege anakuja kwa baiskeli. Yaya alimjibu kwa Kifaransa kirefu, mimi nikawa nafunga upya. Ndani nilikuwa nimebandika karatasi ya namna ya kuirudisha: furshi, gurudumu, usukani, pedali. Mstari wa mwisho niliandika kwa herufi kubwa: kioo kiende KUSHOTO, kwenu pia mnapita kulia.

Amefika salama. Picha aliyotuma inaonyesha kona moja ya kartoni imepasuka, furshi imenyooka.

Mipira yake ya ndani iliyochoka alimwachia yule kijana, ameshaikata kuwa kamba za kufungia magunia. Tairi lake la akiba bado linaning'inia kwangu. Ni zuri, lakini la inchi 26, na wateja wangu wote wanatumia 28. Mwenye kinga ya 26 apite Katuba, bei tutaongea.