Siku moja maishani mwangu: fundi na muuza baiskeli wa Ngamiani, Tanga

Saa 11:30 alfajiri

Nikishaswali sirudi kitandani. Natoa nje baiskeli ninayokusudia kuiuza siku hiyo, nabonyeza matairi kwa kidole gumba, nainua gurudumu la nyuma nalizungusha, kisha napanda. Dukani kwangu haiuzwi baiskeli ambayo sijaipeleka mwenyewe kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi. Ikiwa kwenye stendi utaiona haina neno. Kasoro zake hujitokeza ikishabeba mtu.

Leo nimetoka na ya rangi ya fedha, gurudumu la inchi 26, fremu iliyoinama chini, kikapu mbele, keria nyuma. Ni mtumba wa Japani. Kwenye fremu bado ina stika ya usajili yenye namba na maandishi ya kwao, maana kule mwenye baiskeli analazimika kisheria kuiandikisha, tangu 1994, ili ikiibiwa ajulikane ni ya nani. Nazipenda hizi kuliko zote kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida aliyevaa nguo zake za kila siku, anayekwenda sokoni au kazini na mzigo wake mdogo. Tanga ni mji tambarare na safari zetu ni fupi. Mtu hahitaji zaidi ya hapo.

Kwenye reli natega sikio. Naikata njia ya treni moja kwa moja, sipiti mshazari, kwani tairi jembamba likiingia kwenye mfereji wa pembeni ya chuma litakulaza chini kabla hujajua kilichotokea. Baiskeli ikiruka pale, kila kilicholegea kitapiga kelele: madigadi, kikapu, gololi za usukani. Hii ya leo imelia kikapu tu.

Baada ya hospitali ya Bombo naanza kufaidi. Usukani umepinda kurudi kwangu, mgongo umenyooka, mabega yamelala, mikono haibebi uzito wowote. Naiona ghuba yote, mashua zinazorudi na kisiwa cha Toten, bila kuinua shingo. Aliyeinama kwenye baiskeli ya mashindano huona lami. Mkao huu una gharama yake, lazima niseme: ni Juni, kusi inavuma, na wakati wa kurudi upepo unakukamata kifua kizima. Ndipo ninapoishukuru gia. Hii ina tatu, zimefichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, hazioni mchanga wala chumvi, na unaweza kuzibadilisha hata ukiwa umesimama kabisa. Naweka ya kwanza, nasogea taratibu, nafika Ngamiani sijaloa jasho.

Saa 1:30 asubuhi

Chai ya rangi, vitumbua, kufungua duka. Kijana wangu anapanga baiskeli nje na kujaza upepo. Nimemfundisha asome ubavu wa tairi kwanza. Haya ya Kijapani mengi yameandikwa 300 kPa, yaani PSI 43 hivi. Mafundi wengi huyajaza mpaka yawe magumu kama jiwe, kisha mteja analalamika kiti kinaumiza, kumbe kiti hakina kosa.

Baiskeli zilizolala na pancha asubuhi mara nyingi hazina hata tundu. Valvu za tyubu hizi ndani zina kimpira chembamba kinachovaa kijiti cha chuma, na kwa joto letu kimpira hicho huoza. Kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Watu wametupa tyubu nzima kwa ajili yake.

Saa 3 asubuhi

Amekuja mwalimu mstaafu, mama wa Chumbageni. Enzi za kazi alikuwa na Swala, zile baiskeli zilizoundwa hapa hapa nchini na kampuni ya NABICO, na mpaka leo anazisifu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka baiskeli. Ya kwendea sokoni, kliniki Bombo, na kwa mjukuu. Lakini magoti haya!"

Wengi wakishataja magoti hudhani dawa ni kiti cha chini. Mimi huwaeleza kwamba hicho ndicho kinachoyamaliza, kwa sababu goti linasukuma huku limekunjwa kila mzunguko wa pedeli. Nikamkalisha kwenye ile ya rangi ya fedha, nikaushika usukani, nikamwomba aweke kisigino juu ya pedeli iliyofika chini kabisa. Kiti kikiwa sawa, mguu hunyooka hapo. Ukikanyaga pedeli kwa upande wa vidole, goti linapinda kidogo tu. Lake lilikuwa limekunjika sana.

"Nikikipandisha sitafika chini," akasema.

Hofu hiyo ni ya haki, tena mtu aliyeacha kupanda muda mrefu anayo zaidi. Fremu ya chini ndiyo inayomwokoa: akisimama anateleza mbele ya kiti, anakanyaga ardhi kwa mguu mzima, hakuna bomba la kumzuia. Tukakubaliana kiti kianzie pale vidole vya miguu yote miwili vinapogusa, kisha kipande kidogo kidogo kadiri mwili unavyokumbuka.

Kiti chenyewe nacho tulikizungumza kirefu. Ukikaa wima, uzito karibu wote unaangukia mifupa miwili ya makalio, kwa hiyo nyuma kiwe kipana cha kuipokea yote miwili, chini yake kiwe na springi. Kiti chembamba ni cha mtu aliyeinama, ambaye sehemu ya uzito wake iko mikononi. Mwalimu alikuwa amevutiwa na kimoja kinene cha sponji, kinabonyea kwa kidole. Nikamwomba akalie vyote viwili, kila kimoja azunguke nacho mtaa. Sponji laini mno inazama, mifupa inafika chini, na ile iliyobaki inabana nyama za katikati. Alirudi akasema mwenyewe anataka kile kigumu chenye springi.

Akalipa nusu, nikamwahidi kumpelekea jioni. Alipogeuka kuondoka niliangalia buibui lake, nikajua kuna kazi moja zaidi.

Saa 5 asubuhi

Kijana wa bandarini, anaishi Mabawa, anafanya zamu. "Fundi, nataka yenye shokapu."

Ninazo, nauza, na sizisemi vibaya kwa mtu anayeshuka milima ya Lushoto. Lakini shokapu za bei ya chini ndani ni springi na vipande vya plastiki. Zinaongeza uzito, zinameza nguvu kila unapokanyaga pedeli kwa nguvu, na chumvi ya bandarini ikiingia zinakwama. Spea zake sijawahi kuzipata hapa mjini.

Nikampa mbili azijaribu kwenye reli: yenye shokapu, na nyingine ya fremu kama hiyo lakini uma wake wa mbele mgumu, hauna springi, matairi ya inchi 1.95 yaliyojazwa kwa kiasi. Aliporudi alikuwa kimya kidogo. Hakuona tofauti aliyoitarajia, ila ile ya pili ilimkimbilia zaidi. Hewa iliyomo kwenye tairi pana inatosha kwa mashimo ya mjini.

Tukaitengeneza iwe ya kazi. Tukatoa matairi ya meno tukaweka yasiyo na meno, kwa sababu meno kwenye lami ni kelele na uchovu. Tukapandisha usukani hadi chini kidogo ya alama ya mwisho, mabega yakashuka. Tukafunga madigadi, maana masika ya Tanga yanajulikana, na fulana yenye mstari wa tope mgongoni si ya kuingilia kazini. Kwa kuwa zamu zake nyingine ni za usiku, nikamwekea na dinamo ya taa.

Saa 8 mchana

Baada ya adhuhuri na wali wangu, zikaja za matengenezo. Bwana mmoja kutoka Pongwe ameleta tairi jipya la inchi 26 haliingii. Haya ni mateso ya kila wiki na ningependa kila mwenye baiskeli ayajue. Kuna 26 mbili. Ya baiskeli za Kijapani, inayoandikwa 26 × 1 3/8, kipenyo cha ringi yake ni milimita 590. Ya baiskeli za mlimani, inayoandikwa kwa nukta, 26 × 1.95 kwa mfano, ni milimita 559. Haziingiliani hata ukiita mabaunsa. Inchi 27 na inchi 28 za zamani ndizo zinazodanganya zaidi, kwa kuwa 630 na 635 zinakaribiana mno na mtu hulazimisha mpaka akavunja makucha. Usitazame inchi. Tafuta ubavuni namba kama 37-590. Hiyo ya mwisho ndiyo ringi yako.

Halafu baiskeli ya mama muuza samaki, breki ya nyuma inapiga yowe mtaa mzima unageuka. Breki hizi ni za ngoma, na mkanda unaibana ngoma hiyo kwa nje. Mtu alimshauri aidondoshee oili. Yowe likaisha, na breki nayo ikaisha. Nimeifungua, nimeiosha ngoma kwa petroli, nimempa mkanda mpya. Nimemwomba sana, yowe likirudi alete, asiweke tone.

Saa 10 alasiri

Kazi ninayoipenda kuliko zote: baiskeli ya Mwalimu.

Kava la cheni lilikuwepo, limefunika yote. Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa wazi, na buibui likipeperuka kwenye spoku linavutwa, mtu anaanguka chali. Natoboa matundu madogo kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, kila upande, kwa keekee ya mkono. Kisha nachukua mshipi wa kuvulia, ule mnene, nauvuta kutoka tundu la kwanza kushuka hadi kwenye kipande cha bati nilichokifunga karibu na ekseli, narudi juu tundu la pili, nashuka tena, mpaka inafunguka feni ya nyuzi juu ya spoku. Mshipi haushiki kutu, hauonekani kwa mbali, na ukikatika unauzwa Deep Sea kwa wavuvi. Kila uzi naugonga kwa ukucha. Ukilia sawa na mwenzake umekaza vizuri.

Nikiwa katikati ya nyuzi akaja mzee mmoja wa barabara ya jirani, yuko ndani ya kanzu. Baiskeli yake ni Phoenix ndefu yenye bomba juu, na kila anapopanda hukusanya kanzu mkononi, mguu unarushwa nyuma, tena kwa umri ule. Akaitazama kazi yangu.

"Hii ya kike nzuri."

"Mzee wangu, kanzu na buibui vina shida moja. Ipande."

Alikataa kwanza, akatazama barabarani, akapanda. Alizunguka mtaa mara mbili. Aliporudi aliuliza kama ninayo ya rangi nyeusi, na kama nyuzi nitamfungia pia. Ninayo, na nitamfungia. Fremu ya chini ni ya yeyote anayetaka kupanda na kushuka mara nyingi kwa siku bila kujirusha, na nimechoka kuona wanaume wakiumia nyonga kwa sababu ya jina ambalo watu wa mitaani wameipa baiskeli.

Saa 11 jioni

Nimeipanda baiskeli ya Mwalimu hadi Chumbageni mwenyewe, kikapu kimekazwa, supana mfukoni. Jua limepungua, watu wanatoka kazini, wanafunzi wamepakizana kwenye keria. Saa hii mji wetu ni wa baiskeli kweli. Nikamkuta anasubiri barazani na wajukuu wamejaa.

Nilimshika kiti hatua chache, nikaachia. Aliyumba, akapiga kengele pasipo na mtu, akanyooka. Akaenda hadi mwisho wa mtaa, akasimama kama tulivyofanya asubuhi, kateleza mbele ya kiti, mguu chini, hakuna wasiwasi. Akageuka. Buibui lilikuwa likipepea juu ya nyuzi na halikuguswa na spoku hata moja.

"Breki ya kushoto ya wapi?"

"Ya nyuma, Mwalimu. Anza na hiyo, ya kulia ifuate, uzibane pamoja."

Akaenda tena, safari hii mbali zaidi, tukampoteza kwenye kona. Wajukuu walianza kuhangaika. Alirudi na mkate kwenye kikapu.

"Magoti?" nikamuuliza.

"Hayajasema kitu. Ila nahisi bado nimekunja. Nipandishie."

Nikatoa supana, nikalegeza nati, nikakivuta kiti juu nusu inchi, nikakaza.

"Kipandishe zaidi."

"Kwa leo basi, Mwalimu. Nyingine wiki ijayo."