Tochi ya Daktari

Msimu wa karafuu wa mwaka ule nilikuwa na miaka 26. Jioni moja naoga baada ya kushuka mikarafuuni, vidole vikagusa kitu kwenye korodani ya kulia: kigumu kama mbaazi kavu, wala hakiumi. Kwetu Wete, Pemba, uvimbe wa huko una jina moja, busha, na kijana hamtajii mtu busha lake. Nikanyamaza miezi miwili.

Nilimwambia ami, kwa vile yeye alishapasuliwa lake na halioni haya. Asubuhi akanipeleka hospitali.

Daktari akazima taa, akaisogeza tochi nyuma ya korodani. "Busha ni maji, mwanga hupenya," alisema. Busha lingewaka jekundu kama kiganja mbele ya taa. Langu, giza.

"Basi hilo si busha," akasema ami, kabla ya daktari.

Ultrasaundi na vipimo vya damu vikampa haki ami: ilielekea ni saratani. Tukapanda boti, tukaishia Dar. Korodani ikatolewa kwa kupasua kinenani, si kwenye pumbu, ili saratani isifunguliwe njia nyingine. Picha ya CT scan ya kifua na tumbo ikatoka safi. Nikaanza kuuliza nauli ya kurudi.

Daktari akaniketisha. Picha, alisema, huiona tezi ya limfu iliyokwisha vimba kwa saratani. Iliyoanza juzi haionekani. Wenye picha safi na saratani ya aina yangu, kati ya 10 wawili au watatu wanayo tayari kwenye tezi za nyuma ya tumbo, karibu na mgongo. Naweza kungoja nikipimwa mara kwa mara, naweza kutundikiwa dripu ya dawa za saratani, au tezi zitolewe zikaangaliwe. Kwa kawaida hilo huwa kovu la kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu. India walikuwa wakilifanya kwa matundu madogo, wakilinda na mishipa ya fahamu ambayo ikikatwa manii hayatoki tena. Sikuwa nimeoa. Sikuuliza la pili.

Karafuu zote za ukoo zikaenda, nami nikaenda India.

Tezi 2 zilikutwa na saratani. Hatua ya kwanza ya saratani niliyoandikiwa Dar ikawa ya pili, nikatundikiwa dawa mizunguko miwili.

Niliporudi Wete, ami alinivua shati barazani akahesabu makovu kwa kidole. "Manne tu? Mimi kwa maji yale nilishonwa kama gunia!"